Mchezo Uliopita Hewani

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi na nimeitungia insha mara tatu au nne hivi. Hata hivyo, sikuielewa sawasawa hadi muhula wa pili mwaka jana, nilipoletewa mashine kuukuu ya michezo ya runinga ambayo koleo lake lilikuwa limevunjika kwelikweli. Keti basi, mpenzi msomaji, nikupe kisa. Na ndani ya kisa hicho nitakueleza jinsi mchezo unavyoweza kutoka katika tarakilishi, ukapita hewani bila waya, ukaingia katika mashine iliyoundwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

MASHINE YENYEWE

Mashine ninayoisema inaitwa Wii. Iliundwa na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ile ile iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea. Wii ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006, na hadi kuachwa kwake ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Si dude kubwa. Inatoshana na makasha matatu ya DVD yaliyopangwa pamoja. Ilipata sifa kwa sababu ya rimoti yake, ambayo huhisi mkono unavyosogea: ukirusha mkono kama anayecheza tenisi, mchezaji wa kwenye runinga naye anarusha.

Hii yetu ilikuwa ya binamu yangu, ambaye siku hizi anasomea mambo ya tarakilishi chuoni. Siku moja tulipokuwa tukigombania rimoti, mimi na yeye, tuliiangusha kutoka juu ya kabati. Tangu siku hiyo ile sehemu ya kusomea diski ilinyamaza kabisa. Ukiingiza diski, inanguruma kidogo kisha inaitema. Mashine bila diski ni kama jembe bila mpini, au sivyo? Kununua mchezo kwa mtandao nako hakuwezekani, maana duka la mtandaoni la Wii lilifungwa tarehe 30 Januari 2019. Basi mashine ikakaa chini ya kitanda, ikila vumbi.

KWA NINI TULIITAKA

Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kinajiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 7 Julai tangu UNESCO ilipoitangaza mnamo Novemba 2021. Kila mwaka ni mambo yale yale: ngonjera, mashairi, hotuba mbili tatu, kisha wanafunzi wa nyuma wanasinzia. Mwaka jana mlezi wetu aliuliza, "Nani ana jambo jipya?" Nami, domo langu hilo, nikanyosha mkono.

Likizoni nilikuwa nimekaa na nyanya kwa wiki mbili, nikaandika katika daftari vitendawili arobaini alivyonitegea. Vingine sikuwahi kuviona katika kitabu chochote. Wazo langu lilikuwa kuvifanya mchezo wa runinga. Kitendawili kinatokea kwenye kioo, mchezaji anachagua jibu moja kati ya matatu kwa rimoti, na akishindwa mashine inamwambia, "Nipe mji!" Hapo anachagua mji wa kutoa: Lamu, Kisumu, Eldoret au Mombasa. Akipata, anasonga mbele. Hivyo tu.

Mlezi alifurahi. Mwalimu mkuu naye alikubali kutupa ukumbi kwa dakika ishirini, lakini kwa sharti. Alisema mambo haya ya mashine yakitulaza chali mbele ya wazazi, asituone tena tukigusa runinga ya ukumbini. Tena nilikuwa nimeshamwalika nyanya. Umri wake umekwenda, safari ya kutoka kijijini ni matatu mbili na pikipiki, na hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, hili halikuwa jambo la mzaha kwangu.

WALIOTANGULIA

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, ni vizuri ujue kwamba kutuma michezo na programu hewani si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Uholanzi, shirika la utangazaji la NOS lilikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa Hobbyscoop. Kipindi hicho kilitangaza programu za tarakilishi kwa sauti! Msikilizaji alinasa milio ile kwa kaseti kama tunavyonasa wimbo, kisha akaiingiza katika tarakilishi yake ya nyumbani, nayo ikaigeuza kuwa programu.

Kwa upande wa mashine za michezo, Wajapani walifika mbali zaidi. Tarehe 23 Aprili 1995 Nintendo ilizindua kifaa kilichoitwa Satellaview, cha kuunganishwa na mashine yao ya wakati huo, Super Famicom. Michezo ilirushwa kwa setilaiti kupitia kituo cha redio kiitwacho St.GIGA, ikanaswa na dishi la nyumbani, kisha ikahifadhiwa katika kibweta cha kumbukumbu chenye nafasi ya megabaiti moja tu. Mingine ilirushwa pamoja na sauti za waigizaji moja kwa moja, saa maalumu. Ukichelewa, umekosa. Huduma ilifungwa tarehe 30 Juni 2000. Kwa kuwa zile sauti hazikuhifadhiwa kwenye kibweta, mambo mengi yalipotea, na mpaka leo wapo wapenzi wa michezo wanaotafuta vibweta vya zamani ili waokoe kilichosalia.

Nilipojifunza hayo niliwaza vitendawili vya nyanya. Navyo vilikuwa vikirushwa hewani jioni, kando ya moto, na asiyekuwapo alikosa. Nikaona kazi yangu na ya wale wanaotafuta vibweta ni moja.

MLANGO WA UANI

Sasa turudi kwa Wii yetu. Diski haisomi, duka limefungwa. Tuingie wapi? Binamu yangu ndiye aliyenionyesha mlango wa uani. Mwaka 2008 wataalamu wa kujitolea walitengeneza programu iitwayo Homebrew Channel. Ikishawekwa katika Wii, mashine inaweza kuendesha michezo na programu zilizoundwa na watu wa kawaida nyumbani kwao. Yeye alikuwa ameshaiweka katika mashine yake miaka mingi iliyopita.

Hapa nikuonye kama ndugu. Mlango huu usitumiwe kuingizia mali ya wizi. Mchezo wa mtu mwingine ulionakiliwa bila idhini ni wizi kama wizi mwingine, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda hata programu za tarakilishi. Wala usiguse mashine isiyo yako, maana ukikosea unaweza kuiua kabisa. Sisi mashine ilikuwa yetu, na mchezo tuliuandika wenyewe kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Tuliandika kwa lugha ya C tukitumia vifaa vya bure viitwavyo devkitPro, ambavyo hugeuza maandishi ya mwandishi kuwa faili linaloeleweka na Wii. Siwezi kujidai. Binamu yangu alifanya sehemu ngumu, mimi niliandika vitendawili na masharti ya majibu. Jambo moja lilinifurahisha sana: Kiswahili hakituchoshi. Lugha nyingine zina herufi zenye vitone na vikofia juu yake, na mwandishi lazima azitafutie umbo la kuonekana kwenye kioo. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zile zile za kawaida, na hata "ng'ombe" anahitaji ritifaa tu. Maandishi ya kawaida ya Wii yalitutosha bila kubadilisha chochote.

KWA NINI HEWANI?

Utauliza, kwa nini msitumie kadi ya kumbukumbu? Wii ina tundu la kadi, na kadi ilikuwamo. Lakini kipakatalishi cha shule hakina tundu la kadi, na kifaa cha kuunganishia hatukuwa nacho. Zaidi ya hayo, mchezo unapoandikwa una makosa mengi. Unarekebisha, unajaribu, unarekebisha tena. Kuchomoa kadi na kuirudisha mara hamsini kwa siku kungeilegeza bure. Hewani ni sekunde chache tu.

Inawezekanaje? Ndani ya Wii mna kifaa cha Wi-Fi, yaani mtandao pasiwaya. Kifaa hicho ni redio ndogo inayosema na kusikia. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, maana yake mawimbi yake hutikisika mara bilioni 2.4 kwa sekunde moja. Urefu wa wimbi moja ni sentimita 12 na nusu, karibu sawa na kalamu iliyotumika kidogo. Macho hayalioni na ngozi hailihisi, lakini linapita mlangoni na hata ukutani, ingawa likipita ukuta mnene linapungua nguvu.

Mchezo wenyewe, ukiutazama kwa ndani, ni msururu mrefu wa sifuri na moja. Herufi A, kwa mfano, huandikwa 01000001. Redio ya upande wa kutuma inabadilisha mawimbi yake kufuatana na sifuri na moja hizo, na redio ya upande wa kupokea inazisoma na kuzipanga upya.

Lakini hewani pana kelele. Simu za watu, rimoti ya Wii yenyewe, hata jiko la mikrowevu, vyote vinapiga domo katika masafa hayo hayo. Ujumbe usipotee vipi? Hapa pana hekima kubwa. Faili halitumwi kama gunia zima. Linakatwa vipande vidogo, kila kimoja kisichozidi baiti 1,500 hivi, na kila kipande kina namba yake. Fikiria kiranja anayepeleka madaftari ya darasa zima kwa mwalimu, machache machache. Kila akifikisha, mwalimu anasema, "Nimepokea hadi namba ishirini." Kama la ishirini na moja halikufika, linatafutwa na kupelekwa tena. Mchezo wetu ulikuwa na baiti 292,000 hivi, kwa hivyo ungegawika vipande 200. Vilikuwa pungufu ya hapo, kwa kuwa programu ya kutumia huubana mchezo kwanza kama mtu anayekunja nguo kabla ya kuzitia sandukuni.

HATUA KWA HATUA

Sasa nikueleze tulivyofanya, na tulivyoteleza, ili wewe usiteleze pale pale.

Hatua ya kwanza ni kuwa na mtandao mmoja ambamo Wii na tarakilishi wote wamo. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hivyo mlezi alitukopesha yake igawe mtandao. Hapo ndipo tulipokwama siku nzima. Kipakatalishi kiliuona mtandao wa simu, lakini Wii ilisema haioni kitu. Tulisogeza simu karibu hadi ikagusa mashine. Wapi! Jioni binamu alipopigiwa simu alicheka tu. Kumbe simu ya mwalimu ni ya kisasa, ilikuwa ikigawa mtandao kwa masafa ya gigahezi 5, na Wii inasikia 2.4 pekee. Ni kama redio iliyofunguliwa stesheni moja na mtangazaji yuko nyingine. Hata wakikaa kitanda kimoja hawatasikizana. Tulipobadilisha masafa katika mipangilio ya simu, na kuchagua ulinzi wa WPA2 badala ya ule mpya wa WPA3 ambao Wii haiujui, jina la mtandao likatokea mara moja.

Hatua ya pili ni kuingiza neno la siri katika Wii na kuiacha ifanye jaribio lake la kuunganika. Jaribio hilo hutoka nje hadi intaneti, kwa hivyo siku hiyo tulihitaji bando kidogo. Baada ya hapo bando halikuhitajika tena. Hili wengi hawalijui: mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Watu wawili waliomo chumbani wanaweza kuongea hata kama barabara ya kwenda mjini imekatika.

Hatua ya tatu ni kujua anwani ya Wii. Kila kifaa mtandaoni hupewa namba, kama namba ya bweni na kitanda. Ukiwa ndani ya Homebrew Channel, bonyeza kitufe cha HOME kwenye rimoti, nayo itakuonyesha. Yetu ilikuwa 192.168.43.57.

Hatua ya nne ni kutuma. Katika tarakilishi kuna programu ndogo ya bure iitwayo Wiiload. Unaiambia anwani, kwa kuandika WIILOAD=tcp:192.168.43.57 mahali pa mipangilio, kisha unaandika wiiload na jina la faili. Homebrew Channel inakuwa inasikiliza muda wote kwenye mlango namba 4299. Ikisikia hodi, inapokea, inafungua na kuendesha.

Mara ya kwanza tulipobonyeza, kioo kilikuwa cheusi kwa kitambo, moyo ukaniruka. Kisha maandishi meupe yakatokea: "KITENDAWILI!" Chumba kizima cha tarakilishi kikajibu kwa sauti moja, "TEGA!" Mwalimu wa zamu akaja mbio akidhani kuna vita.

SIKU YENYEWE

Siku ya siku ikafika. Tuliunganisha Wii kwa runinga ya zamani ya ukumbini, kwa sababu ile mpya haina matundu ya waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ambao Wii hutumia. Wazazi walijaa. Nyanya alikaa safu ya mbele na leso yake mpya, mkoba ameukumbatia mapajani.

Tukatuma mchezo, ukafunguka, mimi huyo nikachukua kipaza sauti. Kidato cha kwanza wakajibu kitendawili cha kwanza, "Nyumba yangu haina mlango." Yai! Makofi. Cha pili, "Popote niendapo ananifuata." Kivuli! Kabla ya cha tatu, stima ikapotea.

Giza. Vicheko vya chini chini. Nilimwona mwalimu mkuu akitazama saa yake. Jenereta ikawashwa baada ya dakika kumi hivi, runinga ikarudi, Wii ikarudi, lakini mchezo haukuwapo. Ulikuwa umepotea kama umande. Hapo nilijifunza kwa aibu jambo ambalo ningelijua kwa kusoma. Wiiload ikituma faili la mchezo peke yake, Wii inaliweka katika kumbukumbu ya muda tu, ile inayofutika umeme unapokatika. Ni kama kuandika ubaoni, si kama kuandika daftarini.

Haidhuru, nikasema, tunatuma tena. Nikaandika amri ile ile. Kipakatalishi kikajibu kwamba hakimpati mtu. Nikaandika tena. Hola. Jasho likaanza kunitoka. Rafiki yangu wa dawati moja, ambaye kazi yake ilikuwa kushika rimoti tu, akaniuliza polepole, "Kwani anwani ni ile ile?" Tukabonyeza HOME. Tazama maajabu! Namba ya tatu ilikuwa imebadilika. Kipakatalishi kilikuwa kimelala wakati wa giza, simu ikaona haina mgeni, ikajifunga. Ilipofunguliwa upya iligawa anwani mpya kwa wote. Mimi nilikuwa nabisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Nikaandika anwani mpya, nikabonyeza, na KITENDAWILI ikarudi kiooni. Ukumbi ukalipuka, TEGA!

Sasa mlezi akamwomba nyanya apande jukwaani. Rafiki yangu akamwonyesha jinsi ya kushika rimoti. Cha arobaini na moja ndicho kilichotokea. Hicho hakikuwa chake, nilikitunga mwenyewe: "Napita ukutani na ukuta haubomoki." Majibu yalikuwa matatu: panya, sauti, mawimbi ya redio. Jibu nililokusudia lilikuwa mawimbi ya redio, kwa kuwa ndiyo yaliyouleta mchezo.

Nyanya akafikiri kidogo, akachagua "sauti". Mashine ikaandika, "Sivyo! Nipe mji!"

Watu wakacheka. Nyanya hakucheka. Akageuka akanitazama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Sitoi mji, mjukuu wangu. Ukiwa nje ukaniita, mimi ndani sikusikii? Na ukuta umebomoka?"

Kimya. Kisha ukumbi mzima ukapiga makofi, na mwalimu mkuu akawa wa kwanza kusimama. Alikuwa na haki, msomaji. Kitendawili changu kilikuwa na majibu mawili, na mashine haikuwa na akili ya kulijua hilo. Ilijua tu nilichoiambia. Nyanya ndiye aliyefikiri.

Nikakimbilia kipakatalishi. Nikafungua maandishi ya mchezo, nikaongeza katika mstari mmoja kwamba jibu la pili nalo ni sahihi, nikautengeneza upya, nikatoka katika mchezo wa zamani kwa kitufe cha HOME, nikatuma mpya. Yote hayo hayakufika dakika mbili, na hakuna aliyechomoa waya wala kadi. Nyanya akachagua "sauti" tena. Mashine ikaandika, "Ndivyo! Umepata."

Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe kinafunzika." Sijui alikuwa akisema mashine au mimi.

NILIYOJIFUNZA

Naomba niyapange, maana gazeti hili husomwa pia na wadogo zetu watakaofuata.

Mosi, ukishaumaliza mchezo usiuache ubaoni, uandike daftarini. Siku iliyofuata binamu alinieleza kwamba ukifunga folda ya mchezo kuwa faili moja la zipu na kulituma kwa Wiiload ile ile, Homebrew Channel hulifungua na kuliweka katika kadi iliyomo ndani ya Wii. Tulifanya hivyo, mashine ikaniuliza kama nataka kuuweka, nikakubali. Sasa stima ipotee au isipotee, mchezo upo.

Pili, kabla ya siku kuu jaribu kila kitu pamoja na kukatika kwa stima. Zima mwenyewe makusudi, uone nini kinarudi na nini hakirudi.

Tatu, usiamini anwani ya jana. Itazame upya kila unapowasha.

Nne, ukimaliza, uzime ule mtandao. Mlango unaosikiliza hodi humsikia kila aliyemo mtandaoni, mwema na mtundu. Neno la siri liwe refu, na asipewe kila mtu.

Tano, kilicho kikuu, kitu kikichakaa usiharakishe kukitupa. Mashine yetu haiwezi kusoma diski hata moja, lakini leo ina vitendawili zaidi ya sitini. Baada ya siku ile wanafunzi walirudi nyumbani likizoni na kurudi na vya nyanya zao na babu zao. Wengine walivileta vimeandikwa kwenye karatasi za unga. Tunavichapa jioni baada ya michezo, tunavituma, tunavijaribu. Na kila kinachobishaniwa tunakumbuka maneno ya nyanya, tunaongeza jibu.

Wewe ambaye unalo la kwenu, lilete chamani Alhamisi baada ya masomo. Usiliache lipite hewani bila kunaswa.

Kitendawili! Tega... nipe mji basi.